Kutoka Maskati hadi Sur: Safari ya Ngome, Mifereji na Mchanga wa Oman

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anayefika Maskati kwa mara ya kwanza huzoea upesi mno. Dereva wa teksi anaweza kuwa mzee aliyezaliwa Wete, Pemba, muuza ubani wa soko la Mutrah hukujibu kwa Kiswahili kabla hujamaliza kubabaika na Kiarabu chako, na ndani ya duka la halua utawasikia akina mama wakibishana bei kwa lafudhi ya Unguja mjini. Kwa sababu hiyo wengi wetu hukaa papo hapo, tukatembelea ndugu, tukanunua udi na marashi, kisha tukarudi nyumbani tukiamini kwamba Oman tumeiona. Mimi naamini kwamba Oman inayoieleza pwani yetu iko nyuma ya milima ya Hajar, katika miji ya udongo na mawe iliyojengwa ukingoni mwa jangwa, na kwamba njia bora ya kuifikia ni safari ya siku kadhaa pamoja na mtembeza wageni anayezijua familia za huko kama anavyozijua barabara.

Kundi letu lilikuwa la watu wachache kutoka Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, na kiongozi wetu alikuwa Mwomani wa makamo ambaye baba yake ni mtu wa Sharqiya, upande wa mashariki wa Oman, na mama yake ni mzaliwa wa Pemba. Alivaa kanzu nyeupe yenye kishada kidogo shingoni na kofia ya kutarizi, akaendesha gari mwenyewe, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee, kisicho na haraka. Familia yake ni miongoni mwa zile zilizorudi Oman baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita Waomani wa ughaibuni waje kuijenga nchi. Wengi waliotoka Zanzibar walikuwa wameondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, walikuwa wamesoma, na wakajaza nafasi za walimu, wauguzi na makarani katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na shule chache za kuhesabika. Habari hiyo nilikuwa nikiijua kwa kuisoma, lakini kuisikia kwa mtu aliyeletwa akiwa mtoto, asiyejua neno la Kiarabu zaidi ya sura alizohifadhi chuoni, ni jambo lingine.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, tuliutazama asubuhi moja kwa adabu na kwa mshangao unaostahili, maana zulia lake moja tu, lililofumwa Iran, lina ukubwa unaozidi meta za mraba 4,000. Kisha tukaingia barabara ya Nizwa, mwendo wa kilometa 160 hivi, inayopita kwenye pengo la Sumail, mahali milima ya Hajar inapogawanyika kuwa ya mashariki na ya magharibi. Pengo hilo lina maana kubwa katika historia. Kwa muda mrefu pwani ilikuwa ya masultani wanaotazama bahari na bara ilikuwa ya maimamu wa Kiibadhi, madhehebu ya Kiislamu yenye mizizi Oman, waliochaguliwa na wanazuoni na masheikh, na hadi mwaka 1970 jina rasmi la nchi lilikuwa bado linataja pande mbili, Maskati na Oman.

Tulifika Nizwa Alhamisi jioni kwa makusudi, ili asubuhi ya Ijumaa tuuwahi mnada wa mifugo. Wauzaji huwazungusha mbuzi na kondoo katika duara, kamba mkononi, huku wanunuzi wakisimama katikati na pembeni. Anayevutiwa humshika mnyama, akamfungua mdomo aone meno, akampapasa mgongo, kisha akataja bei bila kupandisha sauti. Wanawake wa Kibedui waliovaa barakoa ndio niliowaona wagumu kuliko wote. Mmoja wao aliinua kwato ya mguu wa nyuma wa mbuzi, akaitazama kwa muda mrefu, akaiachia na kugeuka kama anayeondoka. Muuzaji alimfuata akipunguza riyali moja, kisha nyingine, mpaka kamba ikabadili mikono. Saa tatu ya asubuhi uwanja ulikuwa unaanza kuwa mtupu, kwa hiyo anayelala hadi kifungua kinywa cha hoteli hatauona mnada huo.

Ngome ya Nizwa iko hatua chache kutoka hapo. Iliyoijenga ni mikono ya utawala wa Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaaruba, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na husemwa kwamba kazi hiyo ilichukua miaka 12. Buruji yake ya duara imejazwa udongo na kifusi sehemu yote ya chini, ili iweze kuhimili kishindo cha mizinga iliyopangwa juu. Ngazi ya kupandia ni nyembamba na inakata kona, na kila penye kona pana mlango mzito wenye tundu juu yake. Adui aliyeuvunja mlango wa kwanza alimwagiwa asali ya tende iliyochemshwa kabla hajaufikia wa pili. Nilisimama chini ya tundu mojawapo nikainua uso, na mwanga mdogo uliopenya ulinitosha kuelewa jinsi mji wa mitende ulivyogeuza hata zao lake la chakula kuwa silaha. Masimulizi ya Kiomani yanasema kwamba gharama za ngome zililipwa kwa ngawira za vita dhidi ya Wareno huko Diu, pwani ya India, na tangu hapo swali la nani alilipia nini likawa ndilo swali langu katika kila mji tuliofika.

Hata hivyo, kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu Nizwa, ningeiacha ngome na kwenda kwenye maji. Mji huu unaishi kwa mfereji uitwao Falaj Daris, mmoja kati ya mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na nchini kote mifereji ya namna hiyo ipatayo 3,000 ingali inatumika. Katika ile ya chini kwa chini, maji hutafutwa miguuni mwa mlima kwa kisima mama, kisha huchimbwa handaki lenye mteremko mdogo mno, pengine la kilometa kadhaa, likiwa na mashimo ya hewa na ya kutolea udongo kila baada ya hatua kadhaa, mpaka maji yatokeze yenyewe juu ya ardhi karibu na mashamba. Hakuna mashine ya kuyavuta. Pale mfereji unapokutana na korongo la mafuriko, mafundi wa kale waliyashusha maji ndani ya kisima upande mmoja, wakayapitisha chini ya korongo, na yakapanda upande wa pili kwa msukumo wake yenyewe.

Utaratibu wa kuyagawa ndio ulionigusa zaidi. Mahali maji yanapotokea, haki ya kwanza ni ya kunywa, kwa mwenyeji na mpita njia sawasawa. Hufuata maji ya msikiti na ya kuogea, kisha mitende, na mwisho bustani za mazao ya msimu. Mwenye shamba humiliki muda wa maji kupita kwake, na kipimo cha kawaida, athar, ni kama nusu saa. Zamani mchana ulipimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini na usiku ulipimwa kwa kuchomoza kwa nyota, na baadhi ya zamu hupigwa mnada ili fedha zake ziutengeneze mfereji unapobomoka. Katika kijiji cha Birkat al-Mawz tulimkuta mkulima mmoja akiwa amechuchumaa kwenye njia panda ya maji. Alikuwa na jiwe bapa lililofungwa matambara, akalizibia mlango wake, akalitoa jiwe kama hilo kwenye mlango wa jirani yake ambaye hakuwapo, akatazama saa ya mkononi, akaosha mikono na kuondoka. Jirani hakuhitaji kuja kulinda haki yake. Baada ya kuona hivyo niliacha kushangaa kwamba watu wanaweza kujenga mji wa kudumu mahali mvua hainyeshi kwa miezi mingi.

Jabal Akhdar tuliipanda kwa gari la magurudumu manne, kwa kuwa askari hawaruhusu gari jingine kupita kituo cha chini, na huko juu, kwenye kimo cha meta 2,000 hivi, ndiko mawaridi ya kutengenezea marashi hupandwa. Hatukuwa katika msimu wa maua, kwa hiyo sitasema mengi. Bahla pia nitaipita haraka, ingawa ngome yake ya matofali ya udongo ndiyo iliyokuwa eneo la kwanza la Oman kutambuliwa na UNESCO, mwaka 1987, kwa sababu tulipofika ukubwa wake ulinizidi na muda tuliopewa ulikuwa mdogo.

Jabrin ni habari nyingine. Hii ni kasri iliyojengwa katika karne ya 17 na Imamu Bilarab bin Sultan, mwana wa mjenzi wa Nizwa, mtu aliyependa mashairi na elimu, na hilo linaonekana ukiinua macho kwenye dari za mbao zilizochorwa maua na aya kwa rangi ambazo bado zinasomeka. Kuna chumba chenye madirisha ya juu na ya chini, ili hewa ya moto itokee juu na ya baridi iingie kwa chini. Kuna ghala la tende ambalo sakafu yake imechimbwa michirizi; magunia yalirundikwa mpaka juu, uzito ukayakamua, na asali ikatiririka yenyewe kwenye michirizi hadi kwenye mtungi. Kiongozi wetu alitutaka tupitishe kidole kwenye mchirizi mmoja, nao ulikuwa laini kama kingo za bao la mbao lililochezwa miaka mingi.

Chini ya kasri hiyo ndimo lilimo kaburi la Bilarab, na hapa mtu wa Mombasa katika kundi letu alinyamaza ghafla. Bilarab alizozana na nduguye Saif, Saif akaizingira Jabrin, na Bilarab akafa akiwa humo mwaka 1692. Huyo Saif bin Sultan ndiye aliyeupata uimamu, na ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa tangu Machi 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Mashuleni tulifundishwa kwamba Waarabu wa Oman waliwafukuza Wareno, basi. Ukisimama Jabrin unaelewa kwamba waliofika Mombasa walikuwa watu wenye ugomvi wao, madeni yao na ndugu zao waliowazika, na kwamba historia yetu ilikuwa imeshaanza kuandikwa ndani ya kasri hii ya jangwani kabla jahazi lolote halijang'oa nanga.

Tuliendelea mashariki mpaka Ibra, na hapa nitakaa. Safari nyingi za kulipiwa hupita Ibra bila kusimama, kwa kuwa wageni wana hamu ya mchanga na kambi iko mbele kidogo. Sisi tuliomba tangu mwanzo tupewe asubuhi nzima, na nawashauri wengine waombe hivyo hivyo. Mtaa wa zamani wa Minzafa una nyumba za ghorofa za mawe na udongo, malango ya matao, vichochoro vya kivuli, na milango ya mbao iliyonakshiwa ambayo mtu wa Mji Mkongwe ataitambua mara moja. Nyingi zimeachwa; dari zimeporomoka, na mitende imeota ndani ya kumbi walimokaribishwa wageni. Mimi nimekulia Pangani, ambako nyumba za aina hiyo nazo zinaanguka moja baada ya nyingine, na sikutegemea kukuta kuta za Pangani katikati ya Oman.

Uhusiano huo si wa kubahatisha. Ibra ni makao ya kabila la Harith, ambalo watu wake walivuka bahari kwa vizazi vingi. Wao ndio waliomuunga mkono Barghash alipoasi dhidi ya nduguye, Sultan Majid, huko Zanzibar mwaka 1859. Wa ukoo huo alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa, aliyeongoza vita dhidi ya kampuni ya Kijerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889. Kwetu Abushiri ni shujaa wa kupinga ukoloni, nami sitaki kumvua heshima hiyo. Lakini mashamba ya bonde la Pangani yalilimwa na watumwa, na katika vichochoro vya Minzafa nisingeweza kuliacha jambo hilo bila kulitaja.

Maelezo ya kawaida ya safari husema kwamba nyumba hizi zilijengwa na matajiri waliofanya biashara na Afrika. Sentensi hiyo ni ya kweli, na imeacha mengi. Biashara hiyo ilikuwa ya karafuu za Unguja na Pemba, pembe za ndovu kutoka bara, na watu. Hata mitende ya Oman, ambayo tende zake katika karne ya 19 zilikuwa zikiuzwa mpaka Marekani, ilihudumiwa kwa sehemu kubwa na Waafrika waliosafirishwa kwa nguvu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe ukafutwa huko mwaka 1897, na Oman ukafutwa mwaka 1970. Nilimuuliza kiongozi wetu kwa nini yeye hatuelezi hayo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba mbele ya wageni asiowajua hupenda kubaki kwenye nakshi na mizinga, lakini sisi na yeye tuna mabibi wa pande zote mbili za habari hiyo, na hivyo tuna haki ya kuuliza na yeye ana wajibu wa kujibu. Alitueleza basi, taratibu, kuhusu familia za Ibra ambazo babu zao walimiliki watu na kuhusu nyingine ambazo babu zao walimilikiwa, zote leo zikiswali safu moja. Nilimheshimu sana kwa asubuhi hiyo.

Nje ya msikiti mdogo wa mtaa tulimkuta mzee ameketi kivulini, fimbo mapajani. Kiongozi alimwambia kwa Kiarabu tulikotoka.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Pangani mnavuka bado kwa pantoni kwenda Bweni?"

Nikamwambia tunavuka. Akauliza bei ya nazi, akauliza kama mto ungali na mamba, na kabla hatujaagana akatuingiza katika nyumba ya jirani iliyobaki na dari. Alielekeza fimbo yake juu, kwenye boriti nyembamba, nyeusi, zilizopangwa karibu karibu. Ni mikoko, akasema, ililetwa kwa jahazi kutoka Rufiji, ikashushwa Sur na kupandishwa huku kwa ngamia. Ndiyo maana, akaongeza, vyumba vya zamani vina upana mmoja, kwa kuwa hakuna boriti iliyokuwa ndefu kuliko hiyo. Nimeishi chini ya boriti kama hizo utoto wangu wote.

Kutoka Ibra hadi Bidiyah si mbali, na hapo dereva alisimama kupunguza upepo kwenye matairi ili yatanuke na yasizame mchangani. Jangwa la Wahiba, ambalo sasa huitwa rasmi Mchanga wa Sharqiya, lina eneo la kilometa za mraba 12,500 hivi, na matuta yake ya kaskazini ni mekundu na hufikia meta 100. Yamejipanga kwa mistari mirefu kutoka kusini kwenda kaskazini, na aliyeyapanga ni upepo wa kusi, upepo ule ule uliokuwa ukiyarudisha majahazi Arabuni kutoka kwetu. Si jangwa tupu. Ukungu wa baharini huingia usiku na kuacha umande, na msafara wa kisayansi wa Waingereza uliofika mwaka 1986 uliorodhesha aina 150 hivi za mimea. Asubuhi na mapema tuliona michirizi ya nyayo za mende na mijusi kila upande wa hema, na chini ya mti wa ghaf mbuzi walikuwa wamesimama kwa miguu miwili wakila majani.

Nitakuwa mkweli kuhusu kambi: chakula ni kizuri, hasa nyama ya shuwa iliyookwa chini ya ardhi, lakini kupandisha magari kwa kasi kwenye matuta, jambo ambalo wageni wengi hulilipia, hulikata jangwa na kuwafukuza wanyama, nami ningependa lipunguzwe. Saa nzuri zaidi tulizipata kwa familia moja ya Kibedui iliyotukaribisha kahawa chungu yenye iliki na tende. Mwenyeji hujaza kikombe kidogo tena na tena mpaka mgeni akitikise, ndipo anaelewa kwamba umetosheka. Mama mwenye nyumba alituambia kwamba wakati wa joto, tende zinapoiva, huhamia Bidiyah kuvuna, kisha hurudi mchangani, na kwamba wanawe wana kazi mjini lakini ngamia bado wanawahesabu wao wenyewe.

Jangwa linaishia karibu na bahari, na Sur iko hapo. Karakana yake ya majahazi bado inafanya kazi, mafundi wengi wakiwa Wahindi, na hapo karibu limewekwa juu ya nchi kavu jahazi Fath al-Khayr, lililoundwa Sur mwaka 1951, likauzwa, na baadaye wenyeji wakachangishana kulirudisha kutoka Yemen. Majahazi ya namna hiyo yalishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, yakapanda na kusi. Kaskazini kidogo ni Qalhat, magofu ya bandari iliyostawi katika enzi moja na Kilwa. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alitembea kwa miguu kutoka Sur hadi Qalhat na kufika akiwa na miguu iliyovimba, akausifu msikiti wake uliojengwa na Bibi Maryam. Wareno waliipora Kilwa mwaka 1505, na miaka mitatu hivi baadaye Qalhat ikachomwa moto. Kaburi linalohusishwa na Bibi Maryam ndilo jengo kuu lililobaki limesimama.

Kwa anayetaka kwenda, namshauri aigeuze njia tuliyopita. Msimu mzuri ni kuanzia Novemba hadi Machi. Aondoke Maskati Jumatatu kwa barabara ya pwani, apite Qalhat na alale Sur, aingie nchini kama walivyoingia mabaharia. Jumanne alale mchangani. Jumatano awahi Ibra asubuhi, siku ya soko la wanawake ambalo sisi hatukulikuta, na aitengee Minzafa saa zilizobaki za mchana. Alhamisi ni ya Jabrin na Bahla, na Ijumaa alfajiri awe Nizwa kwa mnada, kisha mchana aende kwenye mfereji. Na anapokodi gari, aulize kwanza kama kuna kiongozi anayezungumza Kiswahili. Wapo, hasa wenye asili ya Sharqiya, na mara nyingi hawatajwi kwenye matangazo.